Ugonjwa Umetoka Wapi? Mjadala wa Barazani Kasongo

Mtu akiugua kwetu, watu huuliza kwanza: ameupata wapi? Alisafiri? Alilala kwa nani? Alikula nini, na nani alimpikia? Dawa hufuata baadaye. Swali hilo likitoka kinywani mwa mama mzazi ni huruma. Likitoka kwa jirani aliyegombana naye juzi ni mashtaka, na maneno ni yaleyale.

Dunia nayo huuliza hivyohivyo kila gonjwa linapovuka mipaka, na mara nyingi kidole huelekea upande wetu wa ramani. Nimewakalisha barazani watu watano wa Maniema ya kusini, Kongo, ili wajadili jambo hili: Mzee wa Kasongo anayeongoza kikao, Mwalimu wa historia, Muuguzi wa kituo cha afya, Mama anayeuza nyama ya pori sokoni, na Mchimbaji wa dhahabu aliyetoka Salamabila, eneo la Kabambare. Sikuwapa majina kwa sababu nimewatunga. Miaka, vifo na vitabu wanavyovitaja sikuvitunga.

MZEE: Karibuni. Hoja ni moja. Gonjwa likishaenea duniani, kuna faida kuchimba lilianzia wapi? Au uchimbaji wenyewe huumiza watu kuliko unavyowasaidia? Muuguzi, wewe ndiwe unayeshinda na wagonjwa. Anza.

MUUGUZI: Aksanti, Mzee. Mficha maradhi kilio humfichua. Nawapeleka Yambuku, kaskazini mwa nchi yetu, mwaka 1976. Watu walikufa kwa homa na kutokwa damu, na hakuna aliyejua ni nini. Wachunguzi walipofika walikwenda nyumba kwa nyumba wakiuliza: mgonjwa wenu alikuwa wapi kabla ya kuugua? Majibu mengi yakaelekea mlango mmoja, wa hospitali ya misheni. Pale zilitolewa sindano tano kila asubuhi, na hizohizo tano zikawachoma wagonjwa wa siku nzima bila kuchemshwa ipasavyo. Wagonjwa wa Ebola walikuwa 318, wakafa 280. Bila swali la chanzo, watu wangeendelea kukimbilia palepale walipoupatia ugonjwa, wakidhani wanafuata uzima.

MCHIMBAJI: Sindano nakubali. Lakini tazama kilichobaki mkononi mwa Yambuku.

MWALIMU: Hatari ya kuacha doa kijijini wachunguzi waliiona, ndugu yangu. Walikataa kuuita ugonjwa kwa jina la kijiji, wakachukua jina la mto Ebola, ili watu wa Yambuku wasiubebe peke yao.

MCHIMBAJI: Jina walilificha, damu je? Muyembe, Mkongomani, ndiye mwanasayansi wa kwanza kufika kule, akachukua damu ya wagonjwa kwa mikono mitupu. Damu ikapanda ndege hadi taasisi ya tiba mjini Antwerpen, Ubelgiji. Kwa miaka mingi, ukiuliza nani aligundua Ebola, ulitajiwa watu wa Ulaya na Marekani. Sisi tunatoa chanzo, wenzetu wanatoa jina.

MWALIMU: Na taasisi hiyohiyo ya Antwerpen ndiyo iliyoendesha Mradi wa Kasongo, hapa kwetu. Mwaka 1981 timu ya mradi iliandika katika jarida la Lancet kuhusu watoto wa Kasongo waliochanjwa surua: mwanzoni walipona kuliko wenzao, lakini kadiri walivyokua tofauti ilipungua. Wakauliza kama chanjo inaokoa mtoto, au inaahirisha kifo tu. Swali la halali kabisa. Wengine huko nje wakalichukua kuwa hoja dhidi ya kuipa chanjo ya surua nafasi ya kwanza, mpaka tafiti za nchi nyingine zilipoonyesha vingine. Nasema hivyo ili mjue kwamba utafiti ukishatoka hapa hauongozwi tena na mtu wa hapa.

MCHIMBAJI: Ahaa. Sasa njoo karibu zaidi. Septemba 2023 mpox ya aina mpya ilianza kuonekana Kamituga, Kivu ya Kusini, mji wa dhahabu kama wetu. Barabara ya taifa namba 2 inatoka Bukavu, inapita Kamituga, inafika hapa Kasongo. Watafiti waliandika kwamba karibu theluthi moja ya wagonjwa wa mwanzo waliothibitishwa walikuwa wanawake wanaouza miili. Ni kweli, sikatai. Lakini habari ikishatoka hivyo, kila msichana anayeuza bia Kamituga amekuwa mgonjwa, na kila mchimbaji amekuwa mteja wake. Nikirudi nyumbani na chunusi usoni, mke wangu hahitaji muganga ili anihukumu.

MAMA: Hata kabla ya chunusi angekuhukumu. Lakini na mimi nisikilizwe. Mimi nauza panya wa pori, kindi, paa. Kila gonjwa likitajwa, wanakuja watu na karatasi yenye picha ya nyani aliyepigwa mstari mwekundu. Wananiambia: Mama, acha. Hawaniambii watoto watakula nini na sombe yao. Na huyo nyani, amefanya nini?

MUUGUZI: Kusema haki, Mama, nyani kasingiziwa. Virusi vya mpox vilionekana mara ya kwanza mwaka 1958 kwa nyani waliofungiwa maabara, mjini Copenhagen, Denmark. Ndiko lilikotoka lile jina la zamani lenye nyani ndani yake. Binadamu wa kwanza kujulikana kuwa ameugua ni mtoto wa miezi tisa, hapa nchini mwetu, mwaka 1970. Lakini mnyama wa pori aliyekutwa na virusi hivyo Kongo, mwaka 1985, alikuwa kindi.

MAMA: Basi ni kindi wangu.

MUUGUZI: Kindi yumo. Mwenye nyumba hasa, anayevitunza virusi mwaka hadi mwaka, bado anatafutwa. Na chanzo hakiishii kwa mnyama. Jirani zetu wa Sankuru walihesabiwa: kati ya miaka ya 1980 na 2007 wagonjwa wa mpox waliongezeka mara ishirini. Kindi hawakuongezeka mara ishirini, Mama. Kilichobadilika ni kwamba ndui ilitokomezwa, chanjo yake ikasimamishwa kufikia 1980, na chanjo ile ndiyo iliyokuwa ikiwakinga watu na mpox pia. Watoto waliozaliwa baadaye wakabaki wazi. Ndiyo sababu nataka tuendelee kutafuta. Tukijua vizuri, sitakuambia acha nyama. Nitakuambia acha huyu, uza yule, na huyu ukimchuna fanya hivi.

MAMA: Hilo ni neno la mtu. Lakini mpaka leo kilichonifikia ni ile picha tu.

MZEE: Mwalimu, wewe ni mtu wa zamani. Haya ni mapya, au tumeshayaona?

MWALIMU: Tumeshayaona, Mzee, na Kabambare ndiko yalikoanza kuandikwa. David Livingstone, aliyeiandika Bambarre, alikwama pale kwa vidonda vya miguu tangu Julai 1870 hadi Februari 1871. Karatasi zinamwishia, miguu haimbebi. Kipindupindu kikafika. Aliandika kwamba watu thelathini walikufa katika kambi yao ndogo, kwamba kuku ndio waliotangulia, na kwamba wenyeji waliokufa ni wangapi hawakujua. Litazameni neno hilo la mwisho. Wa kambini walihesabiwa, wa kijijini hawakuhesabiwa. Na palepale, wenyeji wakiwa wanazika, akawaongezea tuhuma ya kula maiti.

MCHIMBAJI: Kipindupindu kilikuwa chetu?

MWALIMU: Hata kidogo. Kilikuja na misafara. Miaka mitano baadaye, 1876, daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi Zanzibar, alichapisha kitabu kizima kilichofuata nyayo za gonjwa lile: kutoka Uarabuni na Bahari ya Shamu, kupitia bara hadi kwa Wamasai, mpaka Pangani na Unguja. Kutoka pwani likapanda tena bara kwa njia za pembe na watumwa, hadi kwetu.

MAMA: Kitabu hicho kilimponya nani Kabambare?

MWALIMU: Hakuna, Mama. Hoja hiyo inanipiga mwenyewe, nami nimeileta kwa mikono yangu. Waliokufa walikuwa wameshazikwa. Lakini fikiria kitabu kisingeandikwa. Yangebaki maandishi ya Livingstone peke yake: Wamanyema, maiti, na kipindupindu, vyote ukurasa mmoja. Leo mtoto wa Kibangubangu wa huko Kabambare angefundishwa kwamba gonjwa lilizaliwa kwao. Christie hakutuponya. Alituondolea kesi.

MZEE: Nami nina maiti wa kumleta barazani. Ni mgeni, na alifia hapahapa Kasongo tarehe 27 Februari 1905. Jina lake Joseph Everett Dutton, daktari kutoka shule ya tiba ya Liverpool, umri wake miaka 30. Alikuwa akisafiri na mwenzake, Todd. Walikuwa wakiichunguza homa inayompiga mtu siku chache, inamwacha, anadhani kapona, kisha inarudi. Watu wa njia za misafara walikuwa wameshaonya kwamba ukilala kwenye kibanda cha wapita njia utaumwa na papasi, na homa itakufuata. Wale wawili walikusanya papasi, wakawaacha wawaume nyani wa majaribio, wakatazama damu kwa darubini, wakakiona kidudu kilichojinyonganyonga kama uzi. Wakaona pia kwamba papasi mwenye kidudu huwarithisha watoto wake tangu yaini. Wote wawili homa iliwakamata. Todd alipona. Dutton hakupona, na kidudu hicho kwa wanasayansi kinaitwa kwa jina lake, Borrelia duttonii.

MUUGUZI: Na faida yake naiona kila wiki, Mzee. Papasi haishi mwilini mwa mtu. Anakaa kwenye nyufa za sakafu ya udongo na kuta, usiku anatoka, ananyonya, anarudi ufani kabla hujaamka. Aliyejua hivyo alijua la kufanya: piga lipu, ziba nyufa, inua kitanda, usilale chini. Ile methali ya ufa na ukuta, kwa homa ya papasi ni maagizo ya daktari.

MCHIMBAJI: Mzee, umesimulia nusu. Huyo Dutton hakuja kwa ajili ya papasi. Alikuja kwa ajili ya malale, kwa mwaliko wa mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyeona wapagazi na wagema mpira wake wanasinzia na kufa. Uchunguzi ukasema: dalili iko kwenye tezi za shingo. Basi askari na waganga wakawa wanawapanga watu mstari na kuwashika shingo. Mwenye tezi akatengwa na familia yake, akapelekwa lazareti. Mtu akahitaji karatasi ya daktari ili atoke kijijini kwake. Wengine walidungwa Atoxyl, na dawa hiyo iliwapofusha baadhi yao. Baadaye ikaja sindano ya uti wa mgongo. Na nani aliyewatembeza watu msituni kutafuta mpira na kubeba mizigo mpaka wakakutana na mbung'o kuliko walivyowahi kukutana nao? Hilo halikuwa kwenye darubini.

MWALIMU: Uko sawa. Na Uganda, malale ilipoanza kuua watu kwa maelfu mengi mwanzoni mwa karne ya 20, wako waliosema imeletwa na wapagazi na askari waliopita na msafiri Stanley kutoka Kongo kati ya 1887 na 1889. Wapagazi wa safari ile wengine walikuwa Wamanyema. Aliyebebeshwa mzigo akabebeshwa na ugonjwa. Siku hizi kuna watafiti wanaodhani kwamba malale ile huenda ilikuwa ya aina nyingine kabisa, ile ya mashariki.

MUUGUZI: Kubalini basi na upande wa pili. Mwaka 1998 Kongo iliandikisha wagonjwa zaidi ya 26,000 wa malale. Tangu 2018 Afrika nzima haifikishi 1,000 kwa mwaka. Leo wagonjwa wengi wanameza vidonge vya fexinidazole nyumbani, vilivyojaribiwa kwa sehemu kubwa hapa Kongo, bila kudungwa mgongo. Hayo yasingekuwapo kama hakuna aliyeuliza ugonjwa unatoka kwa mdudu gani.

MCHIMBAJI: Kutoka tezi za shingo mpaka kidonge ni zaidi ya miaka mia. Bei ililipwa na nani katikati hapo?

MUUGUZI: Na mimi nailipa mpaka leo. Nikimwomba mtu tone moja la damu, kuna mzee anayesema: babu yangu aliwapa, hakurudi. Wachumi wawili, Lowes na Montero, waliifuatilia hali hiyo katika nchi zilizokuwa chini ya Ufaransa, jirani zetu, wakachapisha 2021: pale ambapo kampeni za malale zilikuwa nyingi zaidi, watu wa leo hukataa zaidi kupimwa damu. Siwalaumu. Babu akiumwa na nyoka, mjukuu huogopa unyasi.

MZEE: Basi tufunge? Tuseme wasiulize tena?

MWALIMU: Hapana, Mzee. Swali lisilojibiwa halilali. Linageuka uvumi, na uvumi unaua. Mwaka 1999 Mwingereza, Edward Hooper, alitoa kitabu kikubwa kilichodai kwamba UKIMWI ulitokana na chanjo ya matone ya polio iliyojaribiwa Kongo ya Wabelgiji kati ya 1957 na 1960. Alidai kwamba virusi viliingia katika chanjo kutoka kwa sokwe wa kambi ya Lindi, karibu na Kisangani. Na ni kweli kambi ilikuwapo, na ni kweli watu zaidi ya 200,000 wa bonde la Ruzizi walipewa matone yale. Ungefanya nini? Kunyamaza? Hapo kila mama wa Kivu na Maniema angeshika mtoto wake asichanjwe polio.

MAMA: Na angekuwa na haki.

MWALIMU: Angekuwa na haki ya kuuliza. Mwanasayansi William Hamilton aliona swali hilo linastahili jibu. Mwaka 2000 alikwenda misitu ya Kisangani kukusanya kinyesi cha sokwe, maana ndani yake husomwa virusi vyao. Akarudi na malaria, akafariki London tarehe 7 Machi 2000. Huyu ni Dutton wa pili, Mzee. Mwenzake wa safari, Michael Worobey, akaendelea, na mwaka 2004 yeye na wenzake wakatangaza: virusi vya sokwe wa Kisangani ni vya ukoo mwingine, si mzazi wa UKIMWI ulioenea duniani. Mzazi alipatikana kwa sokwe wa kusini-mashariki mwa Kamerun, na mtandao wa kuenea ulianzia Kinshasa, miaka ya 1920. Chanjo ikatoka gerezani. Ingetoka vipi bila uchunguzi?

MCHIMBAJI: Umeniweka pabaya, Mwalimu. Niseme basi lile linalonichoma hasa. Mimi sina ugomvi na swali. Nina ugomvi na anayeulizwa. Mwaka 2010 kipindupindu kililipuka Haiti, nchi ambayo haikuwa nacho kwa zaidi ya miaka mia. Akaitwa daktari Mfaransa, Renaud Piarroux, aliyekijua kipindupindu kwa kufanya kazi huku kwetu, Kongo mashariki. Akafuata mto. Mto ukampeleka kwenye kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa kutoka Nepal, ambayo uchafu wake ulikuwa ukiingia majini. Sasa sikilizeni. Wakubwa waliopenda kuuliza chanzo kila mahali, siku hiyo wakasema si wakati wa kutafuta mwenye kosa, tuwatibu watu kwanza. Watu karibu 10,000 walikufa. Katibu Mkuu Ban Ki-moon aliomba radhi Desemba 2016. Miaka sita! Kindi wa Mama hakupewa hata siku sita.

MAMA: Nyani haoni kundule.

MUUGUZI: Lakini ndugu, umejijibu. Bila Piarroux kuchunguza, Wahaiti wangeambiwa ni uchafu wao wenyewe.

MCHIMBAJI: Ndiyo. Nakubali. Waulizwe wote, basi. Nilikuja hapa kupinga uchunguzi. Naona ninachotaka ni uchunguzi zaidi, ila uanzie juu.

MZEE: Na Korona? Huko juu waliulizwa.

MWALIMU: Waliulizwa, na ona bei. Aprili 2020 Australia ilitaka uchunguzi huru wa chanzo chake. Mwezi uliofuata China ikaitoza shayiri ya Australia ushuru wa zaidi ya asilimia 80, baadaye na mvinyo. Timu ya Shirika la Afya Duniani ilifika Wuhan Januari 2021, mwaka mmoja umeshapita. Wataalamu wake walipotoa ripoti Juni 2025, walisema takwimu muhimu walizoziomba China hazikutolewa, na Shirika lenyewe likasema dhana zote bado ziko mezani. Mkubwa akiulizwa, anaweza kufunga mlango. Mdogo hana mlango. Novemba 2021 Afrika Kusini iliutangazia ulimwengu aina mpya ya kirusi cha Korona, Omicron, kwa uaminifu na kwa haraka. Zawadi yake ilikuwa kufungiwa ndege ndani ya saa chache, yeye na jirani zake. Baadaye ikajulikana kwamba Uholanzi kirusi kilikuwa kimeshaingia kabla ya tangazo. Aliyeona wa kwanza alihukumiwa kama mleta.

MUUGUZI: Hiyo inaniogopesha kuliko yote. Kesho nikiona upele nisioufahamu hapa Kasongo, nitaandika ripoti au nitangoja kwanza?

MAMA: Utaandika, Muuguzi, maana wewe ni mtu wa haki. Lakini nikwambie ninachokiona mimi. Mwisho wa 2024 tulisikia redioni kuna Gonjwa X huko Panzi, mkoa wa Kwango. Dunia ikashtuka. Wataalamu wakafika na vipimo. Jibu lilipotoka, lilikuwa malaria kali na magonjwa ya kifua, kwa watoto waliodhoofishwa na njaa. Na jina la Panzi likatoweka redioni. Tangu hapo nimejua: wanatafuta kinachoweza kuwafikia wao. Kinachotuua sisi tu, chanzo chake wanakijua, wala hakiwakoseshi usingizi. Mimi nataka waje. Wachukue kindi wangu wampime. Lakini wanilipe kindi, na wakishajua, warudi sokoni waniambie kwa lugha ninayoisikia. Wakikaa na jibu, basi wameniibia.

MZEE: Nimesikia. Niseme nilivyokata shauri, nanyi mnaweza kunikatalia. Kuulizana chanzo ni lazima, maana ufa usiojulikana ulipo hauzibiki. Madhara yanayotajwa hapa ni ya kweli, lakini nimeyatazama moja moja: lazareti, ndege zilizofungwa, picha ya nyani, miaka sita ya Haiti. Hakuna hata moja lililoletwa na swali. Yameletwa na mtu aliyetangulia kuwa na fimbo mkononi kabla ya kuuliza. Kwa hiyo nahukumu hivi: uchunguzi uendelee, fimbo iwekwe chini kwanza, aliyesema kweli mapema alipwe fidia ya hasara yake badala ya kufungiwa njia, na jibu lirudi lilikochukuliwa.

MCHIMBAJI: Na atakayekataa kuweka fimbo chini?

MZEE: Huyo tumjue kwamba hatafuti chanzo. Anatafuta mtu.

Hapo barazani wangeinuka, na mimi ningebaki na la kwangu. Nilipoanza kuwakusanya watu hawa nilidhani hoja ni kama tuulize au tusiulize. Mama ndiye aliyeiweka sawa: jambo ni nani anarudi na jibu. Msomaji, kama unakaa Kasongo, Kabambare au popote ambapo wataalamu hufika na visanduku vya barafu, usiwakatalie tone la damu. Wape, kisha waulize mbele ya watu: mtarudi lini, na mtatuambia kwa lugha gani?

Ripoti ya Dutton na Todd kuhusu homa ya papasi ya Kongo mashariki ilichapishwa Liverpool mwaka uleule wa 1905, kwa Kiingereza. Kasongo ya siku zile ilisema Kiswahili, kama inavyosema leo.